Hatari Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Iko nchi moja, msiniulize jina lake na mimi sitawauliza mnakaa wapi, ambayo kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja likikamilika, watu wanaendelea kuvuka mto kwa miguu, viatu mkononi, na daraja liko juu ya vichwa vyao limefungwa utepe. Wodi ya wazazi ikikamilika, mama anajifungulia barazani, kisogo kimeegemea mlango mpya, na mkunga anageuka kila mara kuhakikisha utepe haujaguswa. Ni nchi yenye adabu. Mambo yanamsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi anasubiri nafasi.

Mimi nauza uji katika nchi hiyo, kando ya Ziwa Mwetemo. Ni ziwa dogo. Ukisimama upande huu ukamwita mtu wa upande ule, anakuitikia, na kama amekununia unamwona kabisa anavyokunyamazia. Juu yake, mlimani, liko Shamba la Mfano la Taifa, ambako mbolea inamwagwa mpaka mahindi yenyewe yanachoka. Chini ya shamba iko Nyumba ya Wageni wa Serikali, yenye vyoo vya ndani vingi na bomba moja linaloangalia bondeni. Ziwa letu halina mto wa kutokea. Kinachoingia kimehamia.

Kwa hiyo lilianza kushiba. Mwanzo rangi yake ilikuwa kijani cha heshima, kama maji ya mchaichai. Baadaye likawa kama mlenda uliolala. Upepo ukivuma kuja kwetu, utando unasukumwa ukingoni unaganda pale, ungedhani fundi kamwaga ndoo ya rangi akakimbia. Ukitumbukiza mkono, ukifika kwenye kiwiko huoni tena vidole vyako. Mbwa wa jirani yangu, Mama Kibibi, anayekaanga samaki pembeni ya jiko langu, alikunywa asubuhi. Hata mchana hakuuona. Bata wakaonekana wamelala chali. Na watoto waliokwenda kuogelea wakarudi wanajikuna, macho mekundu, na chakula hakikai tumboni.

Mmoja wa hao watoto ni mdogo wangu, Semeni. Mama yetu alipofariki aliniachia Semeni, na Semeni akaachiwa mimi. Yuko darasa la nne, mwembamba kama kijiti cha mwiko, na maji anayapenda kuliko kula. Nilimkataza ziwa. Akaacha kwenda akitoka nyumbani, akawa anakwenda akitoka shule.

*

Wakubwa wetu hawakukaa kimya, msije mkawasingizia. Walimleta dada mmoja mtaalamu wa maji kutoka makao makuu. Alikuja na vichupa vyake, akachota, akatikisa, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Majibu yalikuja haraka, jambo lililowashtua sana wilayani, maana walikuwa wamejiandaa kusubiri. Yalisema maji yana sumu, mtu asiogelee, asinywe, asinawe, na kiwekwe kibao kuwaonya watu upesi.

Kibao kikaletwa upesi. Kilikuja kimelala juu ya lori, kirefu, kimenyooka, kimefunikwa kitambaa cha satini chenye rangi za taifa na kufungwa utepe kiunoni kama bibi harusi. Kikasimikwa pale pale watoto wanapoingilia majini. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizuri, akawekwa mgambo wa kukilinda, kijana wa kijiji chetu anayeitwa Bushiri.

Nikampelekea uji, nikamuuliza, "Kaka Bushiri, hicho kibao kinasemaje?"

"Hakisemi. Hakijazinduliwa."

"Lakini kimeandikwa."

"Kimeandikwa ndani. Nje ni kitambaa."

"Na mtoto akiingia majini sasa hivi?"

"Akiingia majini si kazi yangu, dada. Akigusa kitambaa, hapo ndiyo kazi yangu."

Watoto nao wana akili. Walipoona pana mlinzi mchana kutwa, wakaanza kumwachia nguo zao awaangalizie. Zamani waliogopa kuibiwa, wakawa wanaogelea kwa zamu. Sasa wanaingia wote kwa pamoja. Kabla ya kibao cha kukataza kuogelea kufika, ziwa letu halikuwahi kupata waogeleaji wengi namna ile.

*

Uzinduzi ulichelewa, na sababu tulielezwa vizuri kwenye mkutano wa hadhara na Afisa Itifaki wa Wilaya, Bwana Ngolowera, mtu mpole, glovu nyeupe mikononi hata akila. Alisema barua ya kwanza ilipelekwa kwa Waziri wa Maji Yaendayo. Waziri akajibu kwamba ziwa haliendi popote. Ikapelekwa kwa Waziri wa Maji Yaliyotuama. Huyu akajibu kwamba ziwa ni lake kweli, lakini kinachozinduliwa ni hatari, na hatari haijatuama, inaongezeka kila siku. Na kitu kinachoongezeka kila siku ni maendeleo, basi aulizwe Waziri wa Maendeleo. Waziri wa Maendeleo alikuwa nje ya nchi akijifunza maendeleo.

"Kwa hiyo ndugu wananchi," akasema Bwana Ngolowera, "tuvute subira. Hatari ipo, hakuna anayeikana. Ila haijazinduliwa."

Nikanyoosha mkono. Mimi si mtu wa kusema mikutanoni, lakini Semeni alikuwa amelala nyumbani na ndoo pembeni ya kitanda.

"Mheshimiwa, watoto wanaogelea kwenye sumu."

"Sumu nani kasema, dada yangu?"

"Si mtaalamu mliyemleta wenyewe?"

"Mtaalamu amesema. Serikali bado haijasema. Hayo ni mambo mawili." Akatabasamu, akafungua karatasi. "Halafu, hebu tuwe wakweli. Taarifa yenyewe ya mtaalamu inasema, nainukuu, maji ya ziwa hili yana virutubisho vingi kupita kiasi. Virutubisho! Tena vingi! Sasa wewe, uji wako una virutubisho gani?"

Watu wakacheka, nami nikasimama pale na mkono wangu hewani kama bendera iliyosahaulika. Mama Kibibi akanivuta kanga. "Shoga, mwambie anywe yeye."

Nikasema, "Basi Mheshimiwa, tukuchotee kikombe kimoja?"

"Ahsante," akasema Bwana Ngolowera, "mimi nimeshashiba."

Kesho yake asubuhi wateja wangu wote walikuwa na neno moja. "Aisee, tupe uji. Au tukajichotee ziwani kwenye virutubisho?" Nikawamiminia. Moto wa jiko haujui utani.

*

Hatimaye serikali ikapata ufumbuzi. Kikaundwa cheo kipya kabisa, Naibu Waziri wa Maendeleo ya Maji Yaliyotuama, akateuliwa mtu, akaapishwa, na kazi yake ya kwanza ikawa kuja kuzindua hatari yetu. Tukafurahi, nisiwe mwongo. Nikasema sasa kitambaa kitaanguka, watoto watatoka majini, Semeni atapona.

Ndipo nikasikia habari ya halaiki.

Sherehe ya mgeni rasmi haiwezi kukosa burudani, hilo kila mtu analijua. Shule ikaombwa itoe watoto wa kucheza halaiki. Na kwa kuwa sherehe ni ya ziwa, ikaonekana itapendeza watoto wakiicheza ndani ya ziwa: wajipange majini wafanye umbo la nyota ya taifa, mgeni rasmi akifika aione inaelea, inafunguka na kufumba. Mazoezi yakaanza wiki ile ile. Nikafunga jiko mapema nikaenda kwa Mwalimu Sefania wa michezo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kama umekuja na uji, weka pale."

"Mwalimu, nina swali. Kibao si kitakataza watu kuogelea?"

"Kitakataza kabisa."

"Na watoto wataogelea mbele ya hicho hicho kibao?"

"Kabla ya kibao, dada. Sikiliza vizuri ratiba. Kwanza halaiki, halafu kibao. Kibao kikishazinduliwa, hakuna mtoto atakayekanyaga maji yale, labda apite juu ya maiti yangu. Lakini kabla hakijazinduliwa hakuna katazo. Tumekaa, tumelipangilia."

"Basi mimi namtoa Semeni."

"Kwa sababu gani?"

"Maji mabaya."

"Hiyo sababu itaanza kutumika baada ya sherehe. Nipe nyingine."

"Anatapika, Mwalimu."

"Wote wanatapika. Nimeshawafundisha watapike kwa nyuma, upande ambao mgeni rasmi haoni." Akanishika bega, akapunguza sauti, na nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye ratiba. "Usimharibie mtoto. Semeni ndiye ncha ya nyota. Unajua wangapi wanaitaka ile ncha?"

Nilijua. Semeni mwenyewe alikuwa haniambii kitu kingine. Ncha ya nyota ni ile inayoelekea katikati ya ziwa, pale chini panapoteremka, na alichaguliwa kwa sababu ni mwepesi. Jioni alinionyesha mikono atakavyoinyoosha, na kila akiinyoosha anairudisha kujikuna shingo.

"Dada, ukinitoa sitakusemesha mpaka nikue."

Nilitaka kumuuliza, utakua? Nikampaka mafuta ya nazi mgongoni, akalala anajikuna usingizini. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: siku yenyewe ikifika, namfungia ndani, anilie mpaka mwisho wa dunia.

Lakini Mwalimu Sefania aliwajua wazazi wa wanafunzi wake. Usiku wa kuamkia sherehe watoto wote wa halaiki walilazwa shuleni.

*

Nilipofika ziwani asubuhi na sufuria yangu, nyota ilikuwa imeshaingia majini.

"Mbona mapema hivi?" nikamuuliza Bwana Ngolowera, aliyekuwa anapima kwa hatua nafasi kati ya viti.

"Mgeni rasmi anaweza kufika wakati wowote. Akifika akute ziwa tupu?"

Viti vikajaa. Turubai mbili zikafungwa, moja ya wakubwa na nyingine ya wakubwa wa wakubwa, na kila meza ikawekewa maji ya chupa yaliyotoka ng'ambo, yenye picha ya mlima wa theluji. Bendi ya matarumbeta ikakaa tayari, na kiongozi wao akaambiwa mbele yetu: kitambaa kikianguka, pigeni, msimsubiri mtu. Kina mama wakapangwa mstari wakiwa na kanga za sare, kazi yao kupiga makofi. Mama Kibibi alikuwa wa mbele kabisa. Jua likapanda. Mgeni rasmi akawa njiani. Baadaye akawa karibu. Baadaye, mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti, akawa anakunywa chai mahali.

Watoto wamesimama majini. Wa ukingoni maji yanawafika kifuani, wa kati mabegani, na Semeni wangu kwenye ncha yanamfika kidevuni. Upepo ukageuka, utando ukasogea wote kuja upande wetu, ukawazunguka shingoni kama kola. Mtoto akitapika anageuka nyuma, kama alivyofundishwa, halafu anajifuta mdomo kwa mkono uliolowa maji yale yale. Watu wakasema wametulia watoto, wana nidhamu.

Mimi nilimwangalia mmoja tu. Nina macho ya kungoja. Uji haukubali uangalie pembeni. Nikakiona kichwa cha Semeni kinakwenda chini. Nyota ikawa butu upande ule. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyesimama, maana maji yalikuwa mazito na mtoto akizama mle hata mduara hauonekani. Kichwa kikarudi, kinatema kijani.

Nikaenda mbio kwa Bwana Ngolowera. "Mdogo wangu anazama! Watoe watoto!"

Akatazama. "Yupi? Mbona wote wapo?"

"Alizama, amerudi."

"Basi si amerudi, dada?"

"Wapumzike kidogo tu, Mheshimiwa. Wakae ukingoni."

"Katika ratiba hakuna mapumziko. Kuna halaiki, kuna risala, kuna kuzindua hatari. Hatari ikishazinduliwa wanatoka, kwa sababu hapo itakuwa ni hatari. Sasa hivi niwatoe kwa msingi gani? Nitaandika nini?"

Alisema kwa upole kabisa. Sikuona hata mahali pa kumshika nigombane naye. Nikasimama nikiyarudia maneno yake kichwani: ikishazinduliwa wanatoka. Nikageuka, nikatembea mpaka kwenye kibao.

Bushiri akasimama. "Dada. Usiguse."

"Bushiri, tangu uwekwe hapa umekunywa uji wa nani?"

"Wako."

"Yule wa mwisho kule majini unamjua?"

Akatazama majini. "Semeni."

"Basi geuka uangalie mlima."

Bushiri akahangaika na kofia yake. Halafu akageuka akauangalia mlima, tena kwa makini, kama vile umeletwa leo. Nikashika utepe nikavuta.

*

Satini ikaanguka. Kibao kilikuwa kimeandikwa HATARI, USIOGELEE, USINYWE, USINAWE, kwa herufi za wastani. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, kiliandikwa KIMEZINDULIWA NA MHESHIMIWA, na mbele pameachwa wazi, maana waheshimiwa walikuwa wamebadilika mara nyingi mno.

Matarumbeta yakalia. Kina mama wakapiga makofi na vigelegele. Mshereheshaji, ambaye alikuwa amesinzia, akashtuka na kipaza sauti mkononi akapaza: "Naaam! Kimezinduliwa! Kimezinduliwa rasmi!"

Rangi ikamtoka Bwana Ngolowera. Akatoa kitabu cha itifaki mfuko wa ndani wa koti, akapekua, akasoma, akasoma tena. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kitu kinaweza kuzinduliwa na mtu asiye mgeni rasmi. Kitu kilikuwa kimezinduliwa. Kwa hiyo aliyekizindua ni mgeni rasmi. Nilimwona anavyoumia, lakini kitabu ni kitabu. Akaja akanivika shada la maua, akanishika kiwiko, akanipeleka jukwaani, kwenye kiti chenye mto.

"Watoe watoto," nikamwambia.

"Kwa mujibu wa ratiba, Mheshimiwa, sasa ni nasaha zako."

Nikapewa kipaza sauti. Sijawahi kushika kitu kile; kilikuwa kizito kama mchi. Nikasema, "Hatari imeshazinduliwa. Watoto, tokeni majini."

Makofi! Turubai zote mbili zilisimama. "Nasaha nzito!" akasema mshereheshaji. "Nasaha yenye kina! Watoto, tokeni majini! Maneno ya kuyatafakari!" Na watoto wenyewe, waliofundishwa tangu chekechea kwamba mgeni rasmi akisema unapiga makofi, wakapiga makofi mle mle majini, utando unawarukia usoni, na Semeni alipoinua mikono yake kupiga makofi akazama mpaka puani.

Hakuna aliyetoka. Katika nchi ile hotuba inapigiwa makofi. Mkianza kuifuata, kesho watahutubia nini?

Nikashuka jukwaani nikaenda majini na viatu vyangu. Na hapo ndipo nilipojua maana ya itifaki, kwa sababu mgeni rasmi hatembei peke yake. Bwana Ngolowera akanifuata na mwavuli. Mwalimu Sefania akamfuata Bwana Ngolowera, mganga mkuu wa wilaya akamfuata Mwalimu, na msafara wote wa wilaya ukaingia ziwani na suti zao, glovu na tai zinaelea, mshereheshaji nyuma yao akitangaza: "Mheshimiwa sasa anakagua maji! Mheshimiwa anayakagua kwa kina!"

Nikampapasa Semeni, nikampata mkono. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Dada!" akalia. "Unaiharibu nyota!"

Nikamburuta. Tulipofika nchi kavu nikaendelea kutembea, na msafara nyuma yangu, na mshereheshaji akaangalia ratiba yake akatangaza kilichoandikwa: mgeni rasmi akiondoka, watoto watapewa soda. Hapo ziwa likamwagika. Watoto walitoka mbio wote kabla hajamaliza kusema. Maneno yangu yalishindwa, soda iliwatoa.

*

Ndipo king'ora kikasikika, na vumbi, na msafara wa magari, na Naibu Waziri wa Maendeleo ya Maji Yaliyotuama akashuka, mnene, msafi, mkasi wake mwenyewe ndani ya kasha. Akakiona kibao kiko uchi. Akawaona watoto wanakunywa soda.

"Nani amezindua?"

Bwana Ngolowera, anayechuruzika maji ya kijani na kujikuna kwapa kwa adabu, akaninyooshea kidole. Nikavuliwa shada pale pale. Uheshimiwa wangu uliishia hapo, na sikuuona ukiondoka. Nilikuwa nimemshikilia Semeni mkono.

Naibu Waziri akafikiri. Mgeni rasmi hawezi kurudi bila kuzindua, ingekuwa mkosi kwa taifa. "Hatari imeshazinduliwa?"

"Imeshazinduliwa, Mheshimiwa."

"Haiwezi kuzinduliwa tena?"

"Haiwezi, Mheshimiwa."

"Baada ya hatari kinakuja nini?"

Bwana Ngolowera akajikuna huku akiwaza. "Usalama, Mheshimiwa."

"Basi nazindua usalama."

Kibao kikafunikwa tena satini yake. Utepe ukafungwa, mkasi ukatoka kwenye kasha, utepe ukakatwa. Naibu Waziri akapanda jukwaani akatangaza kwamba kuanzia dakika ile Ziwa Mwetemo ni salama, tena salama kwa kiwango cha kimataifa, na kwamba nchi jirani zimehangaika miaka na maji yao ya kijani wakati sisi tumeyamaliza matatizo kati ya chai na chakula cha mchana. Makofi. "Na ili dunia ione," akasema, "nyota yetu irudi majini!"

Mwalimu Sefania akapuliza filimbi. Miguu yake ilikuwa imejaa vipele mpaka magotini na aliipuliza hivyo hivyo. Watoto wakaweka chini soda zao, wakarudi.

Semeni akanivuta. Akanipiga teke la ugoko, akaniuma mkono. "Niachie! Mimi ndiye ncha! Nakuchukia!" Sikumwachia. Akatapika tena, miguu ikamlegea, akaketi mwenyewe kwenye kigoda changu kando ya jiko, akakumbatia sufuria.

"Nyota haina ncha!" akapiga kelele Mwalimu. "Nani mwepesi? Nani mwepesi?"

Mikono yote ikanyooshwa. Akamchagua Kibibi wa jirani yangu, mdogo kuliko Semeni kwa kichwa kizima.

Nikamkimbilia mama yake kwenye mstari wa makofi. "Mama Kibibi, mtoe mtoto! Si wewe uliyesema anywe yeye? Si mbwa wako alikufa?"

"Usiniharibie, shoga," akasema, hanitazami, mikono inapiga. "Mwanangu kachaguliwa mbele ya Waziri. Wako umemtoa, wangu mwachie."

Kibibi akafika kwenye ncha. Akanyoosha mikono. Akatoweka.

Hakurudi. Niliangalia pale pale alipokuwa, nikasubiri kichwa kama nilivyosubiri cha Semeni, na utando ukajifunga ukawa laini kabisa. Juu ya jukwaa Naibu Waziri alikuwa amefika kwenye historia ya usalama. Nikaingia majini.

"Mtoeni huyo mwanamke!" akaamuru Naibu Waziri.

Bwana Ngolowera akasogea mpaka ukingoni. Akayaangalia maji. Akajikuna shingo, akajikuna tumbo, akamtazama mganga mkuu, na mganga mkuu akajikuna naye akatazama pembeni.

"Mheshimiwa, tungemtoa," akasema, "ila viatu."

Hakuna aliyeingia. Hata mmoja katika watu wote wale waliokuwa wamesimama mbele ya ziwa salama.

Huoni kitu mle. Nilikwenda kwa miguu, napapasa matope, napapasa, mpaka kitu laini kikanigusa kifundo. Nikainama na uso wangu ndani, nikashika nywele, nikavuta. Nikamtupia begani kichwa kikining'inia mgongoni, nikampiga kofi la mgongo, tena na tena. Kijani kikamtoka, kikanichuruzikia kiunoni, halafu kikohozi, halafu kilio kibaya sana na kizuri sana. Nikiwa narudi niliwaita waliobaki kwa majina yao, Chande, Mwanakombo, Nuru, watoto ninaowajua nani anataka sukari na nani hataki. Sikutumia kipaza sauti. Chande akamwangalia Mwalimu, halafu akaniangalia mimi, akaanza kutembea. Wengine walibaki, maana filimbi ilikuwa inalia.

Nikapita mbele ya jukwaa nikichuruzika. Naibu Waziri alisema kitu cha kuchekesha kuhusu wapenda maji, turubai zote mbili zikacheka, na mstari wa kanga za sare ukapiga makofi.

Nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Kibibi nikamwekea mwanawe kifuani. Alikuwa bado anataka kupiga makofi pamoja na wenzake. Akashindwa. Mikono yake ilikuwa imejaa mtoto.